Mbao Zilizotiwa Dawa: Zimetiwaje?

Kiswahili kina vitenzi ambavyo, kwa ukarimu wao wa kuikubali kila kazi, hutupotosha pasi na sisi wenyewe kujua. Kimojawapo ni "kutia". Twatia chumvi mchuzini, twatia nanga, twatia sahihi, twatiana moyo. Kikiambatana na nomino "dawa" ndipo mipaka inapopotea kabisa: maji ya mfereji hutiwa dawa, mahindi ya ghalani hutiwa dawa, na nywele za binti anayejiandaa kwenda arusini hutiwa dawa zikalala. Hakuna anayedhani kwamba kazi hizo tatu ni moja. Lakini mnunuzi aingiapo katika yadi ya mbao, iwe Nairobi, Kisumu au Mombasa, akaambiwa, "Hizi zimetiwa dawa, mwalimu," aghalabu huridhika, akatoa pesa na kuita mkokoteni.

Kazi yangu mimi ni isimu, si useremala, na yamkini msomaji anajiuliza mtu wa fonolojia na sarufi ana lipi la kusema kuhusu nguzo. Jawabu ni kwamba hasara nyingi zinazozipata shule zetu katika ujenzi wa vibanda vya zana, vibanda vya kuku na nyua za mashamba huanzia katika sentensi hiyo moja, kabla hata shimo la kwanza halijachimbwa. Mbao ile inayoitwa "iliyotiwa dawa" huenda imepitia mojawapo ya kazi tatu ambazo Kiswahili kinaweza kuzitenganisha vizuri sana, lau tungekiruhusu.

Ya kwanza ni kupaka. Mtu huchukua brashi akaipitisha juu ya ubao, na dawa ikakaa juu kama mafuta juu ya ngozi. Ya pili ni kuchovya. Mbao hutumbukizwa katika birika la dawa, zikalowa kwa dakika au saa kadhaa, kisha zikatolewa na kuanikwa. Ya tatu ni kushindilia. Kitenzi hiki wazee walikitumia kwa bunduki za gobori: baruti ilitiwa mtutuni, ikashindiliwa kwa mdeki mpaka ikakaa sawasawa. Mbao zilizoshindiliwa dawa hufungiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, na dawa ikasukumwa kwa nguvu za pampu hadi ikapenya ndani ya mwili wa mti. Tofauti ya kina ndiyo tofauti ya umri. Dawa ya kupaka haifiki hata milimita moja ndani ya ubao. Ya kuchovya hupita hapo kidogo tu. Ya kushindilia, katika nguzo nzuri ya mkaratusi, huingia sentimita 2 au zaidi kuizunguka nguzo yote.

Ili tuone kwa nini sentimita hizo ni muhimu, tuzingatie jinsi nguzo inavyokufa. Kibanda cha zana katika shamba la shule ni jengo dogo: nguzo 6 au 8, mbao za kuzungushia, mabati machache juu, na ndani yake majembe, reki, toroli, mapanga, magunia ya mbolea na mbegu za klabu ya 4K. Nguzo hizo hufukiwa ardhini. Baada ya misimu michache ya mvua moja huanza kuinama, na fundi akiitikisa inakatika. Ukiitazama utaona kwamba haikuoza kileleni, wala haikuoza sana kule chini kabisa ya shimo. Imekatikia pale pale inapokutana na uso wa ardhi.

Hiyo si bahati mbaya. Kuvu wanaoozesha mti huhitaji mambo mawili kwa pamoja, maji na hewa. Mti mkavu, wenye unyevu usiofika asilimia 20, hauwafai. Sehemu ya nguzo iliyo juu hukauka kwa jua na upepo, na sehemu iliyo chini sana haina hewa ya kutosha. Palipo na yote mawili ni hapo usawa wa ardhi na kiasi cha mkono mmoja kwenda chini. Mchwa nao hupitia hapo. Mdudu huyu anachukia mwanga, na kwa hiyo hula kutoka ndani kuelekea nje, akiacha ngozi nyembamba ya nje ikiwa nzima, mpaka siku mtoto anapoegemea nguzo ikabonyea kama karatasi. (Wanafunzi wa biolojia watanikumbusha kwamba mchwa wajengao vichuguu vikubwa ni wakulima hasa: huotesha kuvu ndani ya kichuguu kwa mabaki ya miti waliyoitafuna, wakala mavuno yake. Kibanda chetu cha kilimo, kwa hiyo, huliwa na wakulima waliotutangulia.)

Sasa dawa iliyopakwa tu ina kazi gani mbele ya maadui wa namna hiyo? Nguzo ikiburutwa tu juu ya kokoto, au jua likiipasua ufa mwembamba kama uzi, njia imekwisha kufunguka. Ndani ya ufa huo mti ni mbichi kwa dawa, na mchwa hahitaji mlango mpana.

Nisieleweke kwamba napuuza kupaka. Mababu wa pwani walipaka, na walipaka kwa ujuzi uliozaa msamiati mzima. Mashua ilipopandishwa pwani ilisakamwa pamba mapengoni, kazi iitwayo kukalafati. Sehemu ya chini ya maji ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake haisahauliki kwa aliyewahi kupita karibu. Lakini angalia jambo moja: kazi hiyo ilirudiwa tena na tena kila chombo kilipopandishwa. Mabaharia hawakudhani kwamba kupaka mara moja kunatosha. Nguzo iliyofukiwa ardhini haiwezi kupandishwa pwani ikapakwa upya.

Kwa nyumba, watu wa pwani walitegemea zaidi uteuzi wa mti wenyewe. Miti ya mikoko ya Lamu ilipangwa kwa unene, na kila unene ukawa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na zaidi ya hayo. Mfanyabiashara aliyeagiza mazio hakuletewa pau. Miti hiyo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe za mwambao, ambao mara nyingi haufiki mita 3, uliamuliwa na urefu wa boriti zilizobeba dari. Huko bara, aliyetaka nguzo ya ua ya kudumu alitafuta mtarakwa, ambao kiini chake chekundu chenye harufu nzuri mchwa hawakipendi. Na aliyetaka mlango wa kurithisha wajukuu alitafuta mvule.

Yote hayo yamebadilika. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa mikoko nje ya nchi, na kwa sababu njema, kwani misitu hiyo ilikuwa ikiisha. Mitarakwa na mivule imekuwa adimu, na anayeikata leo hukata mti uliokua kabla ya babu yake kuzaliwa. Tulichobaki nacho ni miti ya kupanda inayokua upesi: mikaratusi, misonobari, na ule ambao wasomaji wa Biblia wangeuita mberoshi ilhali kila seremala wa Kenya anauita saiprasi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, kwanza kwa siku 90, kisha marufuku ikarefushwa kwa miaka, hadi ilipotangazwa mwaka 2023 kwamba imeondolewa. Katika muda huo mzigo mkubwa uliangukia miti ya mashamba ya watu binafsi, mingine ikiwa michanga. Mti mchanga una kiini kidogo, na kiini ndiyo sehemu ya mti yenye kinga ya asili. Tunajenga, basi, kwa miti isiyo na kinga yake yenyewe, huku tukiitendea kama kwamba bado ni mtarakwa. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Siku hizi wajenzi tunao wengi.

Kinga ambayo mti haukuzaliwa nayo yaweza kushindiliwa. Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya kushindilia mbao kwa mafuta meusi yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, yaitwayo kriosoti. Ilikuwa enzi ya reli, na mataruma ya mbao yalikuwa yakioza upesi kuliko mapato ya nauli. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1933, mwanasayansi wa Kihindi Sonti Kamesan, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa misitu ya Dehradun, alibuni mchanganyiko wa chumvi za shaba, kromiamu na aseniki unaoyeyuka katika maji. Shaba huwazuia kuvu, aseniki huwazuia wadudu, na kromiamu huzifunga hizo mbili ndani ya mti zisioshwe na mvua. Aliuita Ascu, kutokana na alama za kikemia za aseniki na shaba. Sisi wanaisimu tunaukubali ufupisho wa namna hiyo kwa furaha. Nguzo nyingi za umeme na za nyua tunazoziona Kenya zenye rangi ya kijani kibichi kilichofifia ni wajukuu wa uvumbuzi huo wa Dehradun.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Kwanza nguzo hukaushwa, maana mti uliojaa maji hauna nafasi ya dawa, sawa na kibuyu kilichojaa. Unyevu wake hutakiwa ushuke chini ya asilimia 30 hivi. Kisha hupangwa juu ya vigari na kusukumwa ndani ya pipa refu la chuma lililolala, na mlango ukakazwa. Pampu hufyonza hewa kutoka ndani ya pipa na ndani ya vinyweleo vya mti, likabaki ombwe. Dawa hufunguliwa ikajaa. Hapo ndipo kushindilia kwenyewe kunapoanza: pampu huisukuma dawa kwa nguvu ya takriban kilo 14 kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni kama mara 6 au 7 ya nguvu ya hewa iliyomo katika gurudumu la gari dogo. Nguvu hiyo hudumishwa mpaka mti usiweze kunywa zaidi. Mwishowe dawa iliyobaki hurudishwa tangini, hewa ikafyonzwa tena ili nguzo zisitoke zikichuruzika, na nguzo zikawekwa kando kwa siku nyingi, na penye baridi hata wiki kadhaa, mpaka dawa ishikamane na mti. Nguzo inayouzwa ikiwa bado imelowa haijaiva.

Msomaji ataona kwamba hakuna yadi ya kando ya barabara inayoweza kuyafanya hayo kwa ndoo na brashi. Anayetaka nguzo za kushindiliwa hana budi kuzipata kutoka kiwandani, au kwa muuzaji anayeweza kutaja kiwanda alikozitoa na kuonyesha hati yake. Nimewahi kumwuliza muuzaji mmoja, "Zimetiwaje?" Akanitazama kwa huruma, kama amtazamavyo mtu aliyeuliza maji hunyweshwaje, akajibu, "Zimetiwa tu, mwalimu." Katika birika lililokuwa nyuma yake mlikuwa na maji ya rangi ya kijani.

Na rangi hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Rangi si ushahidi. Rangi ya kijani yaweza kununuliwa dukani. Shahidi pekee anayestahili kusikilizwa ni msumeno: omba nguzo moja ya mfano ikatwe, si ncha bali katikati. Katika nguzo ya mkaratusi iliyoshindiliwa utaona pete ya rangi ya dawa kuanzia chini ya gome kuelekea ndani, pana na isiyokatika, na katikati kiini chenye rangi yake ya asili. Ukiona rangi ni ngozi tu, nyembamba kama ganda la yai, basi hiyo imechovywa, na bei yake iwe bei ya kuchovywa. Muuzaji atakayekataa katakata kuukubali msumeno hata ukimlipa thamani ya nguzo hiyo ya mfano, amekwisha kukujibu.

Hapa pana nukta ambayo hata mafundi wazuri huikosea. Miti haikubali dawa sawasawa, wala sehemu zote za mti mmoja hazikubali sawa. Ile sehemu ya nje inayopitisha maji, chini tu ya gome, hunywa dawa; kiini hukataa. Mkaratusi ukitumiwa ukiwa mviringo, umevaa koti kamili la dawa. Ukipasuliwa mbao, kiini chake hujitokeza nyuso mbili au tatu, na hapo hata pipa la chuma haliwezi kukilazimisha. Kiini cha saiprasi nacho ni mkaidi. Msonobari ndio mwepesi wa kunywa, na kwa hivyo mbao zilizopasuliwa, zikiwa ni za kushindiliwa, ni afadhali ziwe za msonobari. Kwa kibanda cha shule, basi, shauri la busara ni nguzo za mviringo za mkaratusi ardhini, na msonobari kwingineko panapohitaji dawa.

Je, kila pahali panahitaji? La hasha, na hapa natofautiana na wauzaji waaminifu kama ninavyotofautiana na wasio waaminifu. Afrika Kusini na Australia huzipanga mbao zilizoshindiliwa kwa madaraja kulingana na hatari inayozikabili: zile za daraja la H3 ni za nje lakini juu ya ardhi, za H4 ni za kugusa ardhi, na huendelea hivyo hadi H6 za kusimama ndani ya maji ya bahari. Fikra hiyo ni njema hata kwa asiyekuwa na alama za madaraja. Nguzo inayofukiwa haina hiari, inahitaji dawa nyingi na ya ndani. Ubao wa ukutani uliopandishwa juu ya msingi wa mawe, wenye paa linalotokeza vya kutosha kuukinga na mvua, huishi miaka mingi bila dawa kali, kwa sababu ni mkavu. Paa pana na mawe manne chini yake ni dawa ya bure.

Faida ya nguzo zilizoshindiliwa huonekana zaidi katika hesabu ya kazi kuliko katika bei ya mti. Nguzo ya mkaratusi isiyo na dawa, katika udongo wenye mchwa, ni bahati ikivuka mwaka wa 3. Iliyoshindiliwa ipasavyo hutarajiwa kufika miaka 20 na kuendelea. Sasa mabati ni yale yale, misumari ni ile ile, ujira wa fundi na nauli ya lori havipungui kwa sababu nguzo ni dhaifu. Anayejenga kwa nguzo dhaifu hununua upya vitu vyote hivyo kila nguzo zinapoanguka, na mara nyingi mabati yaliyong'olewa hayarudi yakiwa mazima. Kwa shule ambayo fedha za kilimo zinatoka katika mfuko ule ule wa chaki na karatasi za mitihani, hilo si jambo la kupuuza. Kunayo pia hesabu ya miti: kibanda kimoja kikidumu miaka 20 badala ya kujengwa mara 6, mikaratusi mingi inabaki shambani imesimama.

Wajenzi wenye busara huongeza mambo machache. Ncha iliyokatwa na msumeno isielekezwe ardhini. Nguzo ikihitaji kufupishwa, ifupishwe upande wa juu, na jeraha lake lipakwe dawa. (Ndiyo, hapa kupaka kuna kazi yake.) Misumari iwe ile iliyochovywa zinki, kwani dawa zenye shaba huila misumari ya kawaida. Na ile desturi ya kupaka nguzo oili chafu ya gari ningependa tuiache. Haipenyi, huoshwa na mvua ikaingia udongoni, na udongo huo ndio tunaowafundishia watoto kupanda sukuma wiki.

Nafikia sasa jambo linalonifanya niandike makala haya kwa ajili ya walimu hasa, wala si kwa wajenzi. Dawa ni sumu. Isingekuwa sumu, mchwa wasingeiogopa. Aseniki iliyomo katika mchanganyiko wa Kamesan ni ile ile inayoogopewa katika maji ya visima. Ndani ya nguzo iliyoiva hukaa imeshikamana, lakini kiasi kidogo hutoka mikononi na udongoni, na kwa hofu hiyo watengenezaji wa Marekani walikubali kuiondoa katika mbao za matumizi ya nyumbani kuanzia mwisho wa mwaka 2003, na Umoja wa Ulaya ukaweka vikwazo vyake mwaka 2004. Huko majumbani sasa hutumiwa dawa zenye shaba pasi na aseniki. Kwa nguzo za ua, za umeme na za mashambani mchanganyiko wa zamani umeendelea kutumika katika nchi nyingi, yetu ikiwemo.

Hatari kubwa kwetu, hata hivyo, si mkono unaogusa nguzo. Ni jiko. Katika shule zetu nyingi chakula hupikwa kwa kuni. Fundi akishamaliza kibanda huacha vipande: ncha za nguzo, mbao fupi, vumbi la msumeno. Mpishi, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, huviona ni kuni kavu za bure. Nimeshuhudia vipande vya kijani vimepangwa vizuri kabisa kando ya jiko la shule moja, vikingoja kande ya mchana. Mti ulioshindiliwa dawa ya aseniki ukichomwa, sumu iliyokuwa imefungwa hufunguka: nyingine hupanda na moshi, na nyingi hubaki katika majivu ikiwa imekolea. Majivu hayo ndiyo tunayoyatumia kusugulia sufuria, kutupa katika vitalu vya mboga na kunyunyizia kunde zisibunguliwe. Ng'ombe nao hupenda kulamba majivu kwa sababu ya chumvi yake, na wamekwisha kufa ng'ombe katika nchi mbalimbali kwa kulamba majivu ya nguzo za namna hiyo. Nguzo kuukuu za umeme zilizopakwa jina la "kuni nzuri" zimo katika hukumu hii pia, ziwe za kijani au zile nyeusi za kriosoti.

Mwalimu wa kilimo anaweza kulifanya hili kuwa somo. Vipande vyote vikusanywe siku ile ile ya ujenzi, vihesabiwe na virudishwe kwa muuzaji, au vitumiwe kuwa vigingi vya ua. Anayekata avae kitambaa puani na akate nje, juu ya turubai, ili vumbi lisimwagike kitaluni. Mikono ioshwe kabla ya kula. Mahindi, mbegu na chakula cha kuku visiegemezwe moja kwa moja kwenye mbao hizo, na mabirika ya kulishia mifugo yasitengenezwe kwazo kamwe. Wanafunzi wakubwa wanaweza kuandika orodha hiyo kwa Kiswahili na lugha ya mama, wakaibandika jikoni. Mpishi asome au asomewe.

Narejea katika lugha, maana sikuwa nimeiacha. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi za Kenya. Na Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike na bidhaa. Ukiviweka vifungu hivyo viwili bega kwa bega, utaona kwamba nguzo yenye kibati cha herufi tatu za kifupisho cha kigeni, au isiyo na chochote, haijamwambia mpishi wa shule lolote. Wapo wenzangu watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za viwanda vya mbao. Lugha iliyotofautisha pau na boriti, na deheni na sifa, haiwezi kushindwa kutofautisha kupaka na kushindilia. Istilahi tunazo, hatujaziandika kwenye mbao.

Ningependekeza kila hati ya mauzo na kila nguzo iwe na maneno haya machache: aina ya mti, dawa iliyotumika kwa jina lake, imepakwa, imechovywa au imeshindiliwa, ya kufukiwa au ya juu ya ardhi, mwaka, na mwishoni, kwa herufi kubwa, USICHOME. Maneno hayo huingia katika muhuri usiozidi ukubwa wa kiganja, na mwenye kiwanda aliyemudu kununua pipa la chuma la kulaza nguzo ndani yake hawezi kutuambia kwamba amekosa fedha za muhuri wa mpira.